Kwa Baba, Kichwa cha Dosye

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, tena nimekasirika na wewe, kwa hiyo salamu zitafuata baadaye. Ningeweza kusubiri hasira ipoe, lakini tangu tukuzike naona haipoi, inahama tu. Leo iko kwako, kesho itakuwa kwa Mama, keshokutwa kwa ile Marekani yako ambayo hukuwahi kuikanyaga na bado ulikuwa unaisemea kama vile ni kwa shemeji yako. Sina mtu mwingine wa kugombana naye kuhusu Marekani. Elia wangu hapendi siasa. Mama akisikia jina hilo anainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Umebaki wewe, na leo itabidi unisikilize mpaka mwisho, kitu ambacho ulipokuwa hai kilikushinda.

Haya, salamu. Tuko wazima. Bado tuko kwenye fleti ile ile ya Umbilo, hapa Durban, na lifti bado ni mbovu. Mimi bado nasuka nywele saluni. Mama bado anauza vitenge sokoni Warwick, na siku waandamanaji wa kupinga wageni wakipita anakunja mzigo wake haraka, anaingia duka la jirani na kujifanya mteja. Juzi alijifanya mteja kwa muda mrefu mpaka akaona aibu, akanunua ndoo. Sasa tuna ndoo ambayo hatuihitaji.

Kinachoniuma zaidi ni ile sheria yako ya nyumbani. Nilikuwa bado navaa soksi za shule tulipofunguliwa dosye, faili la kuhamia Marekani kama wakimbizi. Wewe ukawa kichwa cha dosye, mimi na Mama tukawa majina yaliyo chini yako, na kuanzia siku hiyo ukatangaza kwamba nyumba yetu haibadiliki. "Musibadilishe kitu," ulituambia. Mtu akizaliwa, dosye inasimama. Mtu akiolewa, dosye inarudi nyuma. Familia ya ghorofa ya chini walipata mtoto wakati wakisubiri kama sisi, na ulivyowapa hongera mtu angedhani unatoa rambirambi.

Na dosye yenyewe haikuwa na haraka. Vipimo vya hospitali vikiwa tayari, ukaguzi wa usalama bado. Ukaguzi ukikamilika, vipimo vimeshapitwa na wakati, tunarudi kutoa damu. Nesi wa pale alifikia kuniita Sifa wa Mwalimu, kama mtu wa nyumbani. Nilikomaa ndani ya foleni hiyo, Baba. Wenzangu niliosoma nao wakaolewa, wakazaa, watoto wao wakaja saluni niwasuke kwa ajili ya kuanza shule.

Elia alipokuja kwako mara ya kwanza, unakumbuka? Alikuwa na shati jeupe alilolinunua kwa ajili yako. Ulimpenda mara moja, ingawa ulimtania kwamba Kiswahili chake cha Kigoma ni kama taarifa ya habari. Ukamsikiliza vizuri, ukamwekea soda, halafu ukamwambia: "Elia mwanangu, mi sikatae. Lakini ukimuoa leo, dosye inarudia nyuma, banaanza interviu mupya. Acha tufike kule kwanza, njo utamufwata." Elia akauliza kwa adabu yake yote: "Sasa Mzee, mimi nimposee binti kwako au kwa rais wao?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukajibu: "Kwa bote."

Sisi wote tulicheka siku ile. Nikikumbuka sasa sicheki.

Kwa sababu wewe ulikuwa na maelezo ya kila kitu, na maelezo yako ndiyo yaliyotushika miguu. Kwetu Uvira, Kongo, ulikuwa mwalimu wa historia. Hapa Durban walikupa koti la kung'aa ulinde magari kwenye parking ya maduka kule Overport, lakini ualimu haukukutoka. Walinzi wenzako walikuita Prof. Nilikuletea ugali wa muhogo na sombe, kisamvu chetu, saa za mchana, nawe ukala ukiwa umesimama, mkono mmoja ukiongoza gari lirudi nyuma, na mdomo ukifundisha jinsi nchi kubwa inavyopanga mambo yake na dunia.

Ulianza kila mara na swali lile lile. Nani anaamua gari hii ipaki wapi? Mwenye jengo anasema ni yeye. Kampuni ya ulinzi inasema ni yenyewe. Maduka yanataka nafasi za mbele ziachiwe wateja wao. Mteja mwenyewe anakuja anapaki anapotaka, na anayefokewa ni wewe mwenye koti. "Politiki ya inje ya Amerika njo vile iko," ukasema. Rais wao anatoa neno, lakini Kongre, bunge lao, ndiyo inayokalia mfuko. Wizara ya mambo ya nje inataka hiki, majenerali wanataka kile, makampuni yanaitaka kobalti yetu, na makanisa ya miji yao midogo yanataka kuja kutupokea uwanja wa ndege na mabango na makoti ya baridi. Wote wanasukumana kwenye korido, na kile kinachotoka mwishoni wanakiita sera. Kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akatufungia mlango. "Iko sisteme," ulirudia. "Musiangalie mudomo ya Prezida. Muangalie bajeti."

Ulijua kamati za Bunge lao. Kila mwaka kuelekea mwezi wa kumi, rais wao alipokuwa anakaribia kutangaza wakimbizi wangapi wataingia, ulitembea na redio mfukoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Namba ikipanda, unanunua kuku. Namba ikishuka, unatufafanulia kwa nini itapanda. Diwani wa mtaa wetu hapa Umbilo hukumjua hata kwa sura.

Na mimi niliamini, Baba. Nilimwambia Elia avumilie, kwa maneno yako yale yale, mpaka akaniuliza kama na mimi nitagombea Kongre.

Halafu siku ikafika kweli. Tulipewa tarehe ya ndege. Mama alipiga kigelegele, majirani wakatoka kwenye korido wakidhani kuna arusi. Na kwa kuwa kwetu anayesafiri haviuzi vyombo vyake, anavigawa ili watu wabaki wakimtaja kwa wema, tukaigawa nyumba yote. Kitanda chenu kilikwenda kwa Baba mdogo Bahati. Viti vilikwenda kanisani. Sufuria kubwa ya Mama, ile ya sherehe, ilishuka ghorofa ya chini kwa Mama wa mtoto mchanga. Elia akapewa friji. Mimi nitakwenda Marekani, yeye atabaki na friji, ndivyo mlivyopanga wakubwa. Kanisa likatushonea kitenge cha sare, kwaya ikaimba, mchungaji akatuwekea mikono, na wewe ukatoa hotuba ndefu ukaishukuru sisteme.

Kisha rais mpya akaapishwa huko kwao, akaketi, akatia sahihi, na ndege zikasimama. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu nikiwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa. Nilimaliza kusuka kwanza. Sijui kwa nini nakuambia hilo, ila nataka ujue kwamba nilimaliza, na mistari ilinyooka.

Tulikaa chini sakafuni kwa sababu viti havikuwepo. Kitu kilichotolewa hakidaiwi tena, kila mtu anajua, na majirani nao waliona haya kurudisha, wasije wakaonekana wanatucheka. Mama alishuka kumsalimia mwenzake wa chini, akakuta maharage yanachemka ndani ya sufuria yake, akayasifia yananukia vizuri, akapanda juu mikono mitupu. Ni Elia peke yake aliyerudisha. Alilipandisha friji kwa ngazi yeye na rafiki zake wawili, akaliweka pale pale lilipokuwa, akasema alikuwa amelihifadhi tu.

Wewe hukuyumba. Hilo ndilo linalonichosha nikikumbuka. "Mutulie. Korti iko," ulisema, na kweli kortini kesi ikaenda. Jaji mmoja akasema wakimbizi waliokuwa tayari waruhusiwe, ukashangilia parking nzima. Majaji wa juu yake wakasema isubiri, ukatueleza kwamba kusubiri nako ni sehemu ya sisteme. Ulikuwa na jibu la kila mlango uliofungwa. Nilianza kuchoka kusikia mlango ukisifiwa bawaba zake.

Mpaka siku ile ulipopitia saluni kunichukua. Televisheni ilikuwa ukutani, imewashwa bila sauti. Ukaona ndege ikipandisha watu kwenda Marekani kama wakimbizi, kutoka nchi hii hii tunayoishi. Walikuwa wazungu wa hapa, wale wasemao Kiafrikana, na watoto wao wameshika bendera ndogo. Uliniomba niongeze sauti. Ukasikiliza hadi mwisho ukiwa umesimama katikati ya nywele zilizokatwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikukusikia ukieleza kitu. Mteja mmoja akasema, "Eish, Baba, wale na sisi si tuko same foleni?" Ulivaa kofia yako ukasema twende nyumbani.

Mimi sina ugomvi na mtu anayepanda ndege. Kila mtu na hofu yake, na mtoto aliyeshika bendera hajanikosea kitu. Lakini walituambia mlango umefungwa kwa sababu ya usalama, kwa sababu ya gharama, kwa sababu nchi yao imechoka kupokea, na kumbe ulikuwa na kitasa upande wa ndani. Ulinifundisha kwamba sera ni watu wengi wanaosukumana kwenye korido. Sawa, nimekubali. Mbona hukuniambia kwamba sisi hatumo kwenye korido hiyo hata kwa kukanyagwa? Hayo ndiyo nilitaka kukuuliza tulipokuwa tunatembea kwenda kwenye taxi. Sikuuliza, kwa sababu ulikuwa unatembea polepole sana.

Ulifia kazini, si muda mrefu baada ya hapo. Ulikaa kwenye kreti lako, wenzako wakadhani umesinzia. Daktari alisema presha, ya muda mrefu. Mama anasema ni televisheni.

Sasa nikupe yaliyofuata, maana mengine yatakushangaza.

Kwanza, hukukaa ukaona waliposaini amani yetu ya Kongo. Waliisaini kwao, Washington, hotuba nzuri, mikono ikashikwa, na nyuma ya amani yakaja makubaliano ya madini. Wenzako wa parking walinipigia simu waniulize Prof angesemaje. Niliwajibu Prof angesema muangalie bajeti, wakacheka, halafu mmoja wao akaanza kulia kwenye simu na mimi nikakata. Huko nyumbani bunduki hazikusikia hotuba. Binamu zako wamevuka tena mpaka kwenda Burundi na magodoro kichwani.

Pili, na hili ndilo kubwa, Mama alikataa ufe.

Namaanisha hivyo hivyo. Tulikuzika, watu waliona, udongo nilitupia mwenyewe. Lakini kwenye dosye Mama hakuruhusu. Siku tatu za msiba hazijaisha akatuita mimi na Baba mdogo chumbani, akafunga mlango. "Bakijua kichwa amekufa, banafunga dosye," akasema. "Musiambie mutu." Baba mdogo akaunga mkono. Kwamba yule Prezida atatoka, kura itapigwa tena, atakuja mwingine, ndege zitaruka. Kwamba Sifa angali mudogo. Mimi, Baba! Nina mvi ninazozificha kwa kusuka. Wewe ulitufundisha wote kwamba nchi ile haiwezi kusimama kwa mtu mmoja, na sasa nyumba nzima ilikuwa inasubiri mtu mmoja aondoke.

Hebu fikiri. Kuna mwanamke mahali fulani kwenye mashamba yao ya mahindi. Simjui, hanijui, Uvira hajawahi kuisikia. Siku ya uchaguzi wao ataamka amekasirishwa na bei ya mayai, atakwenda kupiga kura, na kwa sababu ya mayai yake mimi nitaolewa au sitaolewa. Ndiyo hiyo sera yako ya nje, Baba. Ulinichorea korido nzima na mwishoni kuna trei ya mayai.

Elia hakugombana na mtu. Alifanya tu kama wanavyofanya kwao. Kaka yake alisafiri kutoka Johannesburg, wakaja na wazee wawili wa Kitanzania waliovaa makoti, wakaleta barua ya posa ndani ya bahasha nzuri. Mimi nilikuwa jikoni na sinia la soda, sikio mlangoni. Kaka yake alieleza vizuri: wamesikia msiba, wanatoa pole, na kwa kuwa Mzee hayupo wanaikabidhi barua kwa Baba mdogo na kwa Mama. Nikasubiri. Mama akaipokea bahasha kwa mikono miwili, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Asante ba baba. Lakini iyi barua ni ya kichwa ya nyumba, na kichwa ya nyumba iko mu dosye. Siye hatuwezi kujibu."

Wazee wa watu wakatazamana. Walijua umekufa, wawili kati yao walibeba jeneza. Kaka yake Elia akasema, "Tumeelewa, Mama. Tutasubiri majibu," wakanywa soda zao, wakaondoka. Barua ikaingia kabatini chini ya vitenge. Nililala na njaa siku ile, kwa hasira tu, kama mtoto.

Elia aliponiuliza afanye nini, nilimwambia asubiri. Niliposikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu nilitamani kulitapika.

Halafu ofisi ya dosye ikapiga. Walituma ujumbe kwanza, kwamba watampigia kichwa cha dosye kuhakikisha nani bado yuko wapi na kama familia imebadilika. Hawakuahidi ndege wala kitu. Lakini Mama alifurahi mpaka akapika pilau. Ujumbe ule kwake ulikuwa mlango, na wa kuufungua ni wewe tu, kwa hiyo yeye na Baba mdogo wakakutafutia sauti. Baba mdogo ndiye angekuwa wewe.

Alikuja mapema asubuhi amevaa tai, sijui simu itaiona vipi tai. Mama akamkaririsha tarehe yako ya kuzaliwa, jina la shule uliyofundisha, jina la mama yako. Alivijua vyote, ni mama yake pia, lakini alivirudia mara tatu. Mimi nilitakiwa kushika simu na kusaidia Kiingereza ikibidi. Nikaketi. Na pale tulipokuwa tunasubiri, Baba mdogo akaanza kukohoa. Kile kikohozi chako, Baba, cha kuanzia chini, kinachofuatwa na "enhe". Alikuwa anafanya mazoezi. Alikohoa vizuri kabisa, mpaka kwa sekunde moja moyo wangu uliamini umerudi.

Simu ikaita. Kulikuwa na mwanamke wa ofisi na mkalimani wa Kiswahili, sauti ya Kikenya. Mkalimani akauliza kama mhusika mkuu yupo. Baba mdogo akasogea, akavuta pumzi.

Nikasema: "Baba amefariki. Tumemzika hapa Durban. Na mimi naolewa. Naomba muandike yote mawili."

Upande wa pili nikasikia vidole kwenye kibodi. Mama alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Baba mdogo alikuwa ameshainuka, amesimama dirishani ametupa mgongo. Mkalimani akasema poleni sana, inaulizwa tarehe ya kifo. Nilifungua mdomo na tarehe haikutoka. Naijua, Baba, naijua kama jina langu, na haikutoka. Aliyeisema ni Mama. Aliisema polepole, siku, mwezi, mwaka, kwa sauti ya mtu anayeweka kitu kizito chini.

Yule wa ofisi akaeleza kwamba mabadiliko yameandikwa, dosye itabidi ipitiwe upya, na kwa sasa hakuna kinachosogea kwa mtu yeyote. Basi. Miaka yote ile, na simu ikaisha kabla chai haijapoa. Ila kabla ya kukata, mkalimani aliongeza la kwake, ambalo nadhani hakutumwa: "Na hongera, dada."

Mama akalia. Hakuwa amelia msibani, unajua? Watu walimsifu kwamba ana moyo. Sasa alipiga ukunga, kilio kile chenyewe cha kwetu, akikuita kwa majina yako yote, na majirani wakapanda mbio wakidhani tumepata msiba mpya. Mama wa ghorofa ya chini alikuja na mtoto mgongoni, akaketi sakafuni karibu naye, akaanza kulia pia. Wakaja wa kanisani. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walikaa nasi mpaka jua likageuka, wakapika, wakaimba, na jioni wakaondoka mmoja mmoja wakituaga kama wanavyoaga wafiwa.

Baba mdogo hakunisemesha wiki nyingi. Alisema nimeiua dosye ya ukoo kwa ajili ya mwanaume. Alirudi kunisemesha siku ya mazungumzo ya mahari, maana kikao hicho asingekubali kukikosa hata kwa dawa, na alikuwa mkali kwa watu wa Kigoma mpaka Mama akamkanyaga mguu chini ya meza.

Usidhani nasema haya nikiwa na raha tupu. Nikimwona Mama anakunja vitenge vyake mbio, najiuliza kama mimi ndiye niliyemfungia njia. Labda rais mwingine angekuja. Labda korido yako ingetoa kitu kizuri mwaka mmoja, kwa bahati, na Mama angezeeka mahali ambapo hakuna anayemuuliza kitambulisho mlangoni mwa kliniki. Sijui, na hakuna anayejua, hata wao wenyewe huko hawajui kesho watataka nini. Najua tu kwamba sikuweza kuruhusu mtu mwingine akohoe kikohozi chako. Na bado nina hasira na wewe. Ulikuwa na akili ya kueleza nchi nzima ya watu na hukuona kwamba binti yako, anayekuletea sombe, amesimama mbele yako anazeeka. Ulipaswa kuona, Baba. Mimi nilikuwa karibu kuliko Kongre.

Nakupenda. Hilo nalo lilipaswa kutangulia, lakini ndivyo barua ilivyotoka.

Arusi ni Jumamosi hii. Kadi zimechapishwa, na mchapaji alipouliza familia ya bibi arusi iandikweje, nilimwangalia Mama. Akamwambia mwenyewe: "Andika, familia ya marehemu Mwalimu Kashindi." Akamtajia neno hilo marehemu mara mbili, asije akalisahau.

Nakuaga sasa, Baba. Lala salama, uache kusikiliza redio. Nakuahidi kitu kimoja: watoto nitakaowazaa watazaliwa siku zao, na wataoa na kuolewa siku zao, na mimi sitamuuliza mtu wa mbali ruhusa kwa niaba yao.

Jumamosi asubuhi kabla ya kanisa tutapitia makaburini, mimi na gauni langu, Elia, na Mama. Mama hajawahi kurudi pale tangu tukuzike. Alikuwa anaogopa mtu wa ofisi asije akamwona akikulilia. Ameshaninong'oneza kwamba siku hiyo nimsogeze Elia pembeni, yeye abaki peke yake na wewe kidogo, kwa sababu ana pole za mwaka mzima ambazo hajakupa.

Mwanao,
Sifa